Shajara ya mradi: kutoka ualimu wa kinga ya mwili hadi kiwanda kidogo cha kingamwili za mayai, Morogoro

Natengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazotambua na kushika kitu kigeni, kutoka kwenye mayai ya kuku kwa ajili ya maabara za utafiti na za kufundishia. Nilianza nikiwa mhadhiri wa elimu ya kinga ya mwili. Sasa ni kampuni ya vyumba viwili, kuku 14 na watu watatu. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenzangu aliyeko Mbeya, Eldoret au Bukavu aifuate bila kulipa ada niliyolipa mimi. Hatua za kawaida nazipita haraka, makosa nayaeleza kwa kirefu. Fedha zote ni shilingi za Tanzania.

8 Februari 2023. Chupa iliyofika vuguvugu

Mwanafunzi wangu wa uzamili amesubiri chupa moja ya kingamwili kwa wiki 11. Imefika leo, jeli za barafu zimeyeyuka na chupa yenyewe ni vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Ukijumlisha bei, usafiri na forodha, tumelipa karibu 900,000 kwa mililita moja. Alasiri tumeijaribu: sahani nzima ya kipimo imebaki nyeupe. Utafiti wa binti wa watu umerudi nyuma muhula mzima.

Kwa asiye wa fani hii: kipimo cha elaiza (ELISA) kinahitaji kingamwili ya pili, yaani ile inayoitambua kingamwili ya binadamu iliyonasa kisimani, yaani kwenye kitundu kimojawapo cha sahani ya kipimo. Imeunganishwa na kimeng'enya kiitwacho HRP, kinachogeuza dawa ya TMB kuwa bluu. Bila hiyo huoni kitu. Karibu kila maabara ya serolojia (upimaji wa serumu, yaani majimaji ya damu) ninayoijua inaitumia, na karibu kila moja inaiagiza ng'ambo.

Nimekuwa nikifundisha kwa miaka 9 kwamba kuku huhamishia kinga yake kwenye kiini cha yai. Mtafiti Klemperer alilionyesha hilo mwaka 1893. Kiini kimoja kina miligramu 50 hadi 100 za IgY, ambayo ndiyo kingamwili kuu ya kuku, na huhitaji kumtoa mnyama damu: unaokota yai. Usiku huu nimejiuliza kwa nini tunalifundisha tu. Bidhaa ya kwanza itakuwa IgY inayoitambua IgG ya binadamu (kingamwili kuu ya damu yake), iliyounganishwa na HRP. Hiyo moja tu.

20 Mei 2023. Kideri

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kimechukua wiki sita. Nimenunua mitetea 8 kwa mfugaji mmoja, kila mmoja 17,000. Nilimuuliza mzee kama wamechanjwa, akasema wamechanjwa. Sikuomba kadi ya chanjo wala sikuwatenga. Siku ya tisa wawili walianza kupinda shingo na kuharisha kijani. Ndani ya wiki moja wamekufa watano, nami nimewachinja na kuwafukia watatu waliobaki.

Mtaalamu wa kinga amepoteza kuku wake kwa kideri. Naliandika wazi kwa sababu nataka lisomwe kabla ya mengine yote.

Nilivyorekebisha: kundi jipya la kuku 12 limekaa siku 21 mbali na mabanda ya jirani. Nimewachanja mwenyewe kwa tone la jichoni, kwa chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, ile inayostahimili joto, na nitarudia kila baada ya miezi mitatu. Sasa kila kuku ana pete ya namba mguuni na ukurasa wake kwenye daftari. Hasara, pamoja na chakula na banda kupigwa dawa upya: 410,000.

17 Julai 2023. Mayai ya kwanza yenye kinga

Hatua ya kawaida. IgG safi ya binadamu, mikrogramu 100 kwa kila kuku, katika kichocheo cha Freund kisichokamili, mafuta ya kuamsha kinga. Kile kilichokamilika kinaacha vidonda msulini, na kuku ninayemtegemea kwa mwaka mzima sitaki aumie. Sindano kwenye kidari, mahali panne, kisha marudio wiki ya 2, ya 4 na ya 8. Kinga inayopanda kwenye damu hufika kwenye kiini baada ya takriban wiki moja, kwa hiyo msikimbilie mayai ya siku mbili baada ya sindano.

Kingamwili nimezitoa kwa njia ya PEG, kemikali ya kushusha protini, aliyoieleza Polson na wenzake mwaka 1980: asilimia 3.5 kuondoa mafuta, kisha 12 kuishusha IgY. Wastani wa miligramu 61 kwa yai. Kwenye elaiza, mayai ya wiki ya 9 bado yanatoa rangi nikizimua mara 64,000, ilhali mayai ya kabla ya chanjo hayatoi kitu.

Nikiwa chuoni ningeandika makala sasa hivi. Nimeandika barua ya kuomba kuonana na ofisi inayoshughulikia ubunifu.

30 Septemba 2023. Mali ni ya nani

Hatua hii haina mirija wala pipeti, lakini ndiyo imenichosha kuliko zote.

Kuku nimenunua kwa fedha yangu. Sentrifuji, friji na saa nilizotumia ni za chuo. Sera ya chuo inasema kinachovumbuliwa na mtumishi kwa vifaa vya chuo ni cha chuo, isipokuwa pakiwa na makubaliano mengine. Mimi sikuwa na makubaliano yoyote. Nilikuwa na maneno ya mkuu wa idara ukumbini: "Endelea tu, mwalimu, tutaona mbele ya safari."

Mbele ya safari ndipo tulipo sasa. Njia yenyewe ni ya wazi, haina hataza ya kugombewa. Nimewakumbusha wajumbe wa kamati kwamba wanasayansi Köhler na Milstein hawakuichukulia hataza mbinu yao ya kingamwili ya mwaka 1975, iliyowapa Nobel mwaka 1984, na viwanda vingi vikajengwa juu yake na watu wengine. Mjumbe mmoja alijibu kwamba hiyo ndiyo sababu chuo chetu kinapaswa kuwa makini. Alikuwa na haki, ikabidi nibadilishe hoja. Nilichokuwa nacho cha thamani kilikuwa kuku wenyewe na ujuzi wa mikono.

Tumeafikiana hivi: nalipa saa za mashine nilizotumia (640,000), kuku ni wangu, data ya mwanzo ni ya chuo na naruhusiwa kuitumia, na wanafunzi watapata kingamwili kwa nusu bei kwa miaka mitatu. Wakili amechukua 1,200,000. Nawashauri muandike karatasi hii kabla ya kununua kuku wa kwanza. Kwangu ingekuwa kazi ya siku mbili, imekuwa ya miezi miwili na nusu.

Nimeomba likizo bila malipo ya miezi 18. Mume wangu ameuliza swali moja tu: ada za shule za Januari zitatoka wapi? Tumekaa mezani tukapiga hesabu hadi saa sita usiku. Zitatoka kwenye akiba ya kiwanja. Usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara havikusumbua.

25 Novemba 2023. Maji ya kisima, maji ya mvua, maji ya betri

Nimehamia vyumba viwili vya kupanga Kihonda, 250,000 kwa mwezi. Sina sentrifuji yenye ubaridi, na mgao wa umeme unakuja bila kubisha hodi. Njia ya PEG niliyoizoea inahitaji mzunguko wa kasi kwenye nyuzi 4, kwa hiyo nimelazimika kuiacha.

Njia mbadala ni nzuri kwa mahali kama petu. Unatenga kiini, unakiviringisha kwenye karatasi hadi ute wote utoke, unatoboa ngozi yake, kisha unakizimua mara nane kwa maji yenye pH 5.0 hadi 5.2. Unagandisha usiku kucha kwenye friza ya kawaida ya nyumbani. Asubuhi unaacha iyeyuke juu ya karatasi ya chujio. Mafuta yameshikamana kuwa mabonge na yanabaki juu. IgY inapita chini ikiwa kwenye maji maangavu. Bonge likigandishwa polepole huchujika vizuri zaidi, kwa hiyo friza dhaifu hapa haina ubaya.

Kwangu maji hayakuwa maangavu. Mara tatu mfululizo nimepata uji mweupe uliokataa kuchujika. Nilibadilisha karatasi, nikabadilisha pH, nikalaumu umri wa mayai. Kosa lilikuwa kwenye maji. Ili kubana matumizi nilikuwa natumia maji ya kisima cha mwenye nyumba, niliyoyachuja na kuyachemsha. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Mafuta ya kiini hushikana pale chumvi inapokuwa kidogo sana. Kwenye maji ya chumvi yanabaki yameelea.

Mvua za mwezi huu zimenipa jibu bure. Nimekinga maji ya mvua kwenye beseni safi uani, mbali na bati, nikayatumia siku hiyo hiyo. Chujio limetoka angavu kama gongo la kwanza, kama asemavyo mama yangu. Mvua si mpango wa kiwanda, kwa hiyo nimejaribu maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Baadhi ya madumu ni mazuri, mengine yana chumvi karibu sawa na ya kisima, na lebo ni ile ile. Nimenunua kipimo cha mkononi cha chumvi kwa 35,000 na sasa kila dumu linapimwa kabla halijatumika kwenye bechi. Lililo juu ya 10 kwenye kipimo naliuza kwa fundi wa magari.

Mavuno: miligramu 44 kwa yai badala ya 61. Nakubali. Kuku wanataga kuliko ninavyoweza kuchakata.

Jambo dogo: kwa kushusha IgY sasa natumia salfeti ya amonia. Jina hilo hilo mtalikuta kwenye mfuko wa mbolea ya SA. Msiijaribu ya dukani, ina vumbi na madini yasiyojulikana.

27 Januari 2024. Azidi

Wiki mbili za kazi na miligramu 8 za HRP zimekwenda.

Kuunganisha HRP na IgY kwa njia ya peryodati ni kazi ya siku mbili, nami nimeifanya mara nyingi chuoni. Safari hii kiunganishi, yaani IgY iliyokwishabeba HRP, kimetoka na rangi ya kahawia inayotakiwa, protini imepimika, lakini TMB haikubadilika hata kidogo. Nimerudia na HRP mpya, matokeo ni yale yale.

Chanzo ni mirija ya IgY ya Oktoba. Nilikuwa nimeitia azidi ya sodiamu ili isioze wakati wa kuhama, na kwenye lebo niliandika "IgY, 12/10" basi. Azidi huishika HRP pale penye chuma chake na kuizima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Chuoni ningekumbuka, maana mirija ilikuwa yangu peke yangu na kichwa changu ndicho kilichokuwa daftari. Hapa yupo fundi sanifu anayefanya kazi nami, na kuna mirija mia mbili.

Kanuni tangu leo: mrija hauingii kwenye friji bila vitu vinne kwenye lebo, yaani kilichomo, tarehe, kihifadhi na herufi za aliyeuandaa. Usio na kimojawapo unamwagwa, hata ukiwa wangu. Fundi ameshamwaga mmoja wangu, nami nimemshukuru.

Kiunganishi kipya nakihifadhi kwenye gliseroli nusu kwa nusu bila azidi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hakigandi, hivyo umeme ukikatika na kurudi hakipitii kuganda na kuyeyuka. Nimekiweka makusudi saa 72 kwenye nyuzi 37, kimepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Basi la Morogoro kwenda Mwanza haliwezi kukitesa zaidi ya hapo.

15 Juni 2024. "Daktari, sahani yangu yote imekuwa bluu"

Machi niligawa chupa 12 za majaribio bure. Nilizipeleka mwenyewe kituo cha mabasi cha Msamvu na kuzikabidhi kwa makondakta, kila moja ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Majibu ya mwanzo yalikuwa mazuri. Kisha ikaja simu kutoka maabara moja ya Dar es Salaam: "Daktari, samahani, sahani yangu yote imekuwa bluu. Hata visima ambavyo sikuweka serumu." Siku tatu baadaye, maabara ya pili. Kisha ya tatu.

Kwangu haikuwa hivyo. Nilirudia mara tano na visima vitupu vilibaki vitupu. Nakiri kwamba kwa siku kadhaa niliwashuku wao: hawaoshi vya kutosha, maji yao, sahani zao. Nilijaribu kuongeza sabuni ya Tween, nikajaribu kuzimua zaidi, nikatafuta HRP iliyobaki bila kuunganishwa. Hakuna kilichosaidia. Hatimaye nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nilipanda basi, nikaomba kukaa nyuma ya yule dada wa maabara na kumtazama akifanya kazi yake mwanzo hadi mwisho, bila kusema neno.

Alikuwa safi kuliko mimi. Ila alipofika hatua ya kuziba nafasi zilizobaki kisimani, alifungua kopo la maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Mimi hutumia jelatini. Maabara zote tatu zilizolalamika zinatumia maziwa. Zote zilizofurahi hazitumii.

Niliporudi nilipaka visima kitu kimoja kimoja: jelatini, maziwa, serumu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya sungura, ute wa yai. Jelatini na ute vilibaki vyeupe. Maziwa na ng'ombe vilikuwa bluu kali, mbuzi bluu, sungura bluu hafifu.

Maelezo yake ndiyo yaliyonishika moyo. Nilikuwa nikiwatangazia watu kwamba kuku ni bora kwa sababu yuko mbali nasi. Ukoo wa ndege na ukoo wa wanyonyeshao uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ndiyo maana kuku anaiona IgG ya binadamu kuwa ngeni kabisa na anatoa kinga kali. Kweli. Lakini aliye mbali hivyo anaona pia zile sehemu ambazo binadamu, ng'ombe na mbuzi wanafanana. Mbuzi akichanjwa IgG ya binadamu, sehemu zinazofanana na zake hazishughulikii, ni mwili wake. Kuku hana sababu ya kuzisamehe. Maziwa yana IgG ya ng'ombe. Kingamwili yangu ilikuwa ikifanya kazi yake kikamilifu, juu ya maziwa.

Dawa ni kuipitisha kingamwili kwenye kitu kilichobeba IgG ya ng'ombe ili zile za kushika wote zinase hapo. Punje maalumu za kuifungia protini ni ghali. Nimerudi kwenye mbinu ya Avrameas na Ternynck ya mwaka 1969: unaigandisha serumu yenyewe kwa glutaraldehaidi ikawa kama mpira, unaisaga, unaijaza kwenye bomba la sindano. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa machinjioni na ndoo. Lita moja ya damu sikuuziwa, nilipewa.

Jaribio la kwanza: glutaraldehaidi nyingi mno, donge gumu lililokataa kusagika. La pili lilisagika vizuri, nikapitisha kingamwili, na bluu ikaongezeka. Punje zilikuwa zinavuja protini ya ng'ombe ambayo haikushikwa vizuri, nami nilikuwa naiuza ndani ya chupa. La tatu: baada ya kusaga kwenye chujio la chuma nimeziba kwa glisini, nikaosha kwa glisini ya pH 2.8, kisha bafa (kimiminika kinachotuliza pH), kisha tena, mara sita, hadi kipimo cha protini kwenye maji yanayotoka kikashuka chini ya 0.05. Vaeni glavu na fungueni madirisha; moshi wa glutaraldehaidi unachoma macho na kifua.

Matokeo: kisima cha maziwa kilichokuwa kinasoma 1.9 kwenye mashine ya kupima rangi sasa kinasoma 0.12. Kisima cha IgG ya binadamu kimeshuka kutoka 2.4 hadi 2.0. Nimepoteza theluthi ya kingamwili. Nimewatumia wote 12 chupa mpya, na barua inayoeleza kosa lilikuwa wapi. Watatu waliolalamika ndio walionunua kwanza.

Gharama ya kosa hili: wiki 13 na 2,350,000. Sasa kila bechi inapimwa juu ya vitu sita vile vile kabla haijatiwa chupani.

3 Septemba 2024. Bei

Bechi moja ni trei moja ya mayai. Inatoa chupa 70 hivi za mikrolita 200. Hesabu yangu ya kwanza: chakula cha kuku 90,000, kemikali 310,000, HRP 420,000, chupa na lebo 85,000, umeme na maji 60,000, msaidizi 200,000. Jumla 1,165,000, chini kidogo ya 17,000 kwa chupa. Nikaweka bei 45,000 na kulala usingizi mzuri.

Hesabu hiyo haikuwa na bechi zilizomwagwa. Kati ya tano za mwanzo, mbili zilimwagwa, hivyo chupa inayouzika imenigharimu karibu 28,000. Haikuwa na pango, wala nauli, wala chupa za kufidia, wala mshahara wangu. Mtafiti aliyezoea ruzuku hajihesabu, kwa sababu mshahara wake unatoka dirisha jingine. Bei mpya ni 95,000. Niliogopa kuitangaza. Hakuna aliyeondoka, waliniambia wanachonunua ni kuipata keshokutwa.

Malipo ndiyo kidonda. Taasisi zinalipa, lakini ankara moja imekaa siku 118. Sasa naomba nusu kabla ya basi kuondoka, na mwanafunzi binafsi naye anaweza kununua chupa ndogo kwa simu.

Hospitali moja imeomba chupa 40 kwa vipimo vya wagonjwa. Zingelipa pango la mwaka mzima na kubaki. Nimekataa. Lebo yangu inasema "kwa utafiti na mafunzo tu", na kitendanishi cha kumpimia mgonjwa ni lazima kipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mfumo wa ubora ambao bado sina. Mgonjwa hatakuwa pale kuniambia sahani yake imekuwa bluu.

14 Desemba 2024. Bechi ya 6

Bechi ya 6 imetoka na nusu ya nguvu ya bechi ya 4. Hakuna kilichobadilika maabara. Daftari la kuku limejibu: kuku namba 3 na namba 9, waliokuwa na kinga kali kuliko wote, wameanza kunyonyoka manyoya na kuacha kutaga. Trei ilijazwa na mayai ya dhaifu.

Chuoni kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Nikipata namba nzuri mara tatu, makala imekamilika. Anayenunua chupa ya Desemba anataka ifanane na ile ya Julai, maana utafiti wake uko katikati. Mwanasayansi Paul Ehrlich alikutana na shida hii kwa serumu ya dondakoo, iliyotolewa kwa farasi. Kila farasi alitoa nguvu yake, na mwaka 1897 akaeleza kipimo: serumu moja iliyokaushwa na kuhifadhiwa, zote nyingine zinapimwa dhidi yake.

Nimemfuata. Bechi ya 4 sasa ni bechi mama. Nimeigawa kwenye mirija 90 na kuihifadhi kwenye friza mbili za nyumba mbili tofauti, mojawapo kwa dada yangu Mazimbu. Kila bechi mpya inapangwa pembeni yake kwenye sahani moja, na nguvu yake lazima iwe kati ya asilimia 85 na 115. Ikizidi nazimua, ikipungua haitoki. Mayai sipangi tena trei kwa trei: viini vya kuku wote vinagandishwa kwa miezi miwili, kisha vinachanganywa. Nimeongeza kuku wachanga wanne, waliochanjwa kwa kupishana ili wasinyonyoke pamoja.

Bechi ya 6 imemwagwa. Wateja wawili wamesubiri wiki tano, nao nimewaambia sababu.

31 Machi 2025. Barua

Likizo bila malipo imekwisha leo. Nimepeleka barua ya kuacha kazi mwenyewe, kwa mkono. Mwezi uliopita kampuni imelipa fundi, msaidizi wa kuku, pango na, kwa mara ya kwanza, mimi: 600,000, chini ya theluthi ya mshahara wa chuo. Mama amesema, "Mwanangu, ulisoma miaka yote ile uje ufuge kuku?" Nilimpa kiti mbele ya sahani ya visima, nikamwekea TMB, akaona bluu ikipanda kisima kimoja na kuacha cha jirani. Akauliza kwa nini cha jirani hakipati rangi. Tumekaa hapo hadi magharibi.

Nitaendelea kufundisha saa nne kwa wiki kwa mkataba. Nimeomba hilo mimi.

24 Mei 2025. Kilichokuwa kinamwagwa

Bechi ya 9 imepita: asilimia 97 ya bechi mama. Maabara zinazonunua ni 11.

Theluthi ile ninayoipoteza kwenye punje za ng'ombe nilikuwa naiosha kwa asidi na kuimwaga kwenye sinki. Aprili, fundi wangu alishika chupa ya maji hayo, akauliza: "Daktari, hizi si ndizo zinazoshika ng'ombe, mbuzi na wote wanaofanana?" Ndizo. Kwa maabara ya binadamu ni uchafu. Kwa mtu anayepima serumu za ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa wakati mmoja, ni kingamwili moja badala ya tatu.

Tumeanza kuzikusanya. Asidi inaziumiza: zikikaa kwenye pH 2.8 zaidi ya dakika kumi, nusu ya nguvu inakwenda, kwa hiyo zinadondokea moja kwa moja kwenye mrija wenye bafa ya Tris ya kurudisha pH. Lakini Tris nayo inaharibu hatua ya HRP, maana HRP iliyoamshwa kwa peryodati inaishika badala ya kushika IgY, kwa hiyo ni lazima usiku mzima kwenye mfuko wa kuchujia kabla ya kuunganisha. Tumelisahau hilo mara moja. Mara ya pili kiunganishi kimefanya kazi: ng'ombe 1.7, mbuzi 1.4, kondoo 1.5, kisima kitupu 0.09.

Daktari mmoja wa wanyamapori ameuliza kama itashika nyati na swala, ambao hakuna anayewauzia kingamwili ya pili. Kwa mantiki inapaswa kushika. Ameomba kibali cha kutumia serumu alizonazo tangu zamani. Zikifika nitapima kwanza na maziwa pembeni, na nitaandika hapa namba zitakazotoka.